Gogo la kukatia nyama sehemu isiyo na umeme: maswali mnayoniuliza kila mara

Nina bucha ndogo na banda la supu huku Kongwa, Dodoma. Umeme umeishia senta, kwenye kitongoji chetu bado, tuna paneli moja ya sola ya kuwasha taa na kuchaji simu basi, friji hamna, na maji tunanunua kwa dumu. Ng'ombe akichinjwa alfajiri nyama inatakiwa iishe siku hiyohiyo, na nyama yote hiyo inapita juu ya gogo moja. Marehemu baba ndo alinifundisha kulitunza, mengine nimejifunza mwenyewe kwa hasara. Wanaoniuliza ni wenye mabucha, wenye mabanda ya choma, na kina mama wanaopikia shughuli huko mashambani, kwa hiyo nimeyaweka yote sehemu moja.

Gogo la mti gani ni zuri?

Mkwaju. Nikipata mkwaju sitafuti kingine. Ni mgumu, nyuzi zake zimeng'ang'aniana kwa hiyo shoka haliuchani kirahisi, na hauna harufu ya kuhamia kwenye nyama. Ila jamani usiangushe mkwaju mzima unaozaa kwa ajili ya gogo, tafuta ulioanguka wenyewe au tawi kubwa, na pitia ofisi ya kijiji kwanza uulize utaratibu. Mwembe mzee nao unatumika, ni laini utaisha mapema lakini unapatikana kila mahali. Tiki haiozi haraka ila ndani ina chembechembe kama za mchanga zinakula makali ya kisu, na mvule nao hivyohivyo, wakati mwingine unakutana na jiwe kabisa ndani ya mbao. Mkaratusi usihangaike nao, wakati unakauka unapasuka vibaya mno. Msonobari ni laini na una utomvu, mwarobaini una uchungu. Mti unaotoa maziwa kama mnyaa achana nao kabisa, na mti ambao hakuna mtu pale kijijini anaujua jina achana nao pia.

Halafu kuna suala la upande, hapa wengi wanakosea. Gogo lisimame kama mti ulivyokuwa umesimama, ukatie pale kichwani unapoona zile duara duara. Kisu kikishuka pale kinaingia katikati ya nyuzi, ukikitoa zinajirudia. Ukililaza ukakatia ubavuni unazikata nyuzi zenyewe, vijiti vinachomoka na vinaishia kwenye nyama ya mteja.

Nimepata kipande cha nguzo ya umeme ya zamani, kigumu kweli, naweza kukitumia?

Hapana, hapana, hapana. Nguzo zinatiwa dawa zisiliwe na mchwa, na dawa zenyewe ni kriosoti, ile nyeusi inayonuka kama lami, au ile ya kijani yenye shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu ya kuua mtu. Hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kupiga randa, imeingia ndani. Mbao za dawa za kuezekea ni hivyohivyo, na usizitumie hata kama kuni za kuchomea nyama maana sumu inabaki kwenye moshi na majivu. Nimeshaona banda la choma wanakatia nyama juu ya kipande cha nguzo na wenye banda hawajui kabisa, ni watu wazuri tu, hakuna aliyewaambia. Ukiona hivyo waambie.

Gogo jipya nalianzaje?

Kwa subira. Mbao mbichi imejaa maji, na maji yanakimbia kupitia kichwani haraka kuliko ubavuni, kwa hiyo kichwa kinasinyaa mapema wakati katikati bado kumejaa, hapo ndo linapasuka kama chungwa. Cha kufanya ni kulichelewesha. Likishakatwa tu, siku hiyohiyo, paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa vichwa vyote viwili, acha magome kwanza, weka kivulini pasipo na upepo, juu ya mawe lisiguse ardhi. Wapo wanaofukia kwenye maranda, inasaidia pia. Huku kwetu kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10 upepo ni mkavu kweli, gogo lililokatwa kipindi hicho likiachwa uwanjani halimalizi wiki mbili bila ufa.

Kukauka kabisa ni miaka, hakuna mwenye bucha anayeweza kusubiri hivyo, mi huwa nasubiri miezi kama 6 halafu naendelea nalo huku bado linakauka taratibu. Kabla ya kulitumia nalibandua magome yote, maana chini ya magome ndo wadudu wanaishi, nalisawazisha, halafu nalimwagia maji mazito ya chumvi mara kadhaa kwa siku 3 au 4. Chumvi inashikilia unyevu kwa hiyo linakauka polepole zaidi, na ukungu hauipendi.

Kama limekatwa na cheni soo, ondoa juu kama sentimita moja kwa tezo au randa. Ile mashine inatema oili ya mnyororo kwenye mbao na mara nyingi ni oili chafu ya gari.

Kila siku unasafishaje na maji yenyewe ni ya dumu?

Hili ndo swali lenyewe, na jibu ni kwamba gogo halihitaji maji mengi. Maji mengi ndo yanaliua. Watu wanaona damu wanamwaga ndoo nzima, gogo linakunywa, usiku halikauki, asubuhi wanaweka nyama juu ya mbao iliyolowa, na kidudu cha kuozesha kinataka vitu vitatu tu, chakula, unyevu na joto. Joto la huku hatuna la kulifanya, kwa hiyo tunaondoa chakula na tunaondoa unyevu.

Mi nafanya hivi. Nyama ikiisha, kabla damu haijakauka, nakwangua kwa kipande cha bati nene kilichonyooka au mgongo wa panga, nakwangua kwa nguvu kabisa mpaka inatoka kama ugali wa kijivu, mafuta na unga wa mifupa na mbao kidogo. Hii hatua moja inafanya zaidi ya nusu ya kazi na haitumii hata tone la maji. Yale makwanguo usiyatupe hapohapo pembeni utaita inzi na mbwa wa kijiji kizima, yafukie.

Baada ya hapo nachukua maji kama lita 2 yaliyochemka jikoni kwenye jiko la supu maana moto upo tayari, sabuni kidogo, na brashi ngumu, nasugua kufuata duara na kwenye nyufa, na ubavuni pia, watu wanasahau ubavu wakati damu inatiririkia huko. Kama limeshika mafuta sana natumia majivu meupe ya kuni yaliyochekechwa badala ya sabuni, majivu yakikutana na mafuta yanayakata kabisa, bibi zetu walisugulia sufuria na hayohayo. (Yawe majivu ya kuni safi, sio ya mbao za dawa wala za takataka.) Nasuuza kwa lita 2 nyingine, nafuta kwa kitambaa kikavu, halafu nanyunyizia chumvi ya mawe kama gao la mkono, naisambaza. Chumvi inavuta maji yaliyobaki juu. Asubuhi naikwangua naitupa, sio ya kupikia hiyo.

Jumla dumu la lita 20 linanitosha siku 4 au 5 kwa gogo peke yake.

Na usiku liachwe lipumue. Usilifunike na nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani. Mi nina fremu ya mbao yenye wavu wa madirisha, naifunika juu yake, panya na mende hawafiki na upepo unapita.

Jua halitoshi kuua vijidudu?

Jua linasaidia kukausha ila usilitegemee kwamba limesafisha. Na ukiliacha juani mchana mzima huku Dodoma litapasuka. Muda wa lisaa limoja tu, asubuhi au jioni, unatosha, tena baada ya kuosha.

Jik je?

Inafaa, ila mara moja au mbili kwa wiki, na baada ya kuchinja kuku. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, weka vijiko vikubwa 2 kwa lita 4 za maji safi ya baridi, mwagia gogo ambalo TAYARI limekwanguliwa na kuoshwa, acha dakika kadhaa, suuza, kausha. Nimeandika tayari kwa herufi kubwa kwa sababu damu na mafuta vinaimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwenye mbao, kwa hiyo ukiimwaga juu ya uchafu umetupa hela. Kuongeza dozi hakusaidii, kunababua tu mbao na mikono.

Na tafadhali sana, Jik usichanganye na ndimu wala siki. Inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na vibanda vyetu hivi vidogo vyenye mlango mmoja ndo hatari zaidi.

Ndimu na chumvi?

Kwa harufu ni nzuri. Mwaga chumvi ya mawe, chukua nusu ya ndimu usugulie, acha dakika 10, kwangua, suuza. Inaondoa shombo hata la samaki. Ila isiwe ndo usafi wako, ni ya kumalizia. Na isiwe siku ya Jik, nimeshasema hapo juu.

Nipake mafuta gani? Huku alizeti ndo imejaa

Najua, Dodoma na Singida alizeti ndo mafuta yetu na kila mtu anaanzia hapo, hata mimi. Shida yake ni kwamba mafuta ya alizeti yakikaa hewani hayakauki vizuri na hayabaki laini pia, yanakuwa kama gundi. Mwezi wa kwanza gogo linang'aa, mwezi wa pili linanata, vumbi linashika, na linaanza ile harufu ya mafuta yaliyokaa sana. Mahindi hivyohivyo. Mawese yanageuza kila kitu rangi.

Mafuta yanayonifaa ni ya nazi. Karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni ya aina isiyoharibika haraka na hewa kwa hiyo yanachelewa sana kunuka. Huku hatulimi minazi, nanunua yanayotoka Pwani na Tanga, lita moja inanitosha muda mrefu. Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi yanaganda kama samli, msishtuke hayajaharibika, yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi ndo tabia yake, weka chupa kwenye maji ya moto. Ukipata mafuta maalum ya madini ya kupaka mbao za jikoni, yale yasiyo na harufu yanayouzwa kwenye maduka makubwa mjini, ni mazuri kuliko yote maana hayaozi kabisa, lakini bei yake na nauli piga hesabu mwenyewe.

Kuna mafundi wanashauri mafuta ya kitani ya dukani ya kupakia fenicha. Yale yaliyoandikwa yamechemshwa yanakuwa na kemikali za metali za kuyakausha, sio ya chakula. Na tambara lililolowa mafuta hayo likikunjwa likatupwa kona linaweza kushika moto lenyewe bila kiberiti, lianike likauke wazi au lilowekwe majini. Oili ya gari, vanishi, rangi, hivyo hata visitajwe karibu na nyama.

Wengine wananiambia mafuta ya nyama yenyewe yanatosha, gogo linajipaka. Hapana ndugu zangu, hayo ndo yanayonuka. Hayo ya kukwangua.

Na hiyo nta unaipikaje?

Nta nanunua kwa warina asali wa Manyoni, Tabora nako ipo nyingi. Sehemu 1 ya nta kwa sehemu 4 za mafuta ya nazi. Weka kwenye kopo, kopo liwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke kopo moja kwa moja juu ya mkaa maana nta inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 mpaka 64 tu na mvuke wake unawaka. Ikishakuwa kitu kimoja chuja kwa kitambaa, imimine kwenye kopo la mfuniko, ikipoa inakuwa kama mafuta ya kupaka mwilini.

Gogo liwe kavu kabisa, ndo maana mi napaka Jumapili jioni wakati Jumatatu sichinji. Kwanza mafuta ya nazi matupu yenye joto, mbao inayameza, ongeza mpaka ikatae, subiri usiku, asubuhi futa yaliyobaki, ndo upake ile ya nta ukisugua kwa kiganja. Gogo jipya kila wiki kwa mwezi mmoja, baadae mara moja kwa mwezi. Ukitaka kujua kama wakati umefika dondosha matone ya maji juu, yakisimama kama shanga bado lina mafuta, yakizama ujue lina njaa.

Limepasuka, nifanyeje?

Nyufa nyembamba za kucha ni kawaida, kila gogo la duara litakuwa nazo kwa sababu mbao inasinyaa kuzunguka duara karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kwenye moyo, lazima pafunguke sehemu. Safisha ufa kwa ncha ya kisu, usubiri ukauke, ujaze kwa nta iliyoyeyushwa ikichanganywa na unga wa mbao wa gogo hilohilo. Ikitoka unajaza tena. Usijaze gundi ya mbao wala simenti (nimeona simenti!), inabanduka vipande vinaingia kwenye nyama.

Ili ufa usikue mpelekee fundi wa kuchomelea akutengenezee pete ya bapa la chuma yenye boliti ya kukaza, moja juu moja chini, kiangazi likisinyaa unakaza, masika likivimba unalegeza. Mi hii pete imeniokolea gogo ambalo nilishaliona kuni. Ufa ambao kidole kidogo kinaingia na huoni mwisho wake, hapo hakuna namna ya kuusafisha.

Katikati limekuwa bonde

Kwa sababu kila mtu anapiga palepale. Lizungushe robo kila wiki, na kata kwenye kingo pia. Bonde likishatuama damu lisawazishe, mi nafanya kila baada ya miezi mitatu minne, tezo kwanza, randa, halafu msasa namba 80. Baada ya hapo ni kulipaka mafuta upya kama jipya. Anza na gogo refu, sentimita 90 hivi, utakuwa unapunguza miaka.

Masika linaota ukungu

Huku mvua ni Desemba mpaka Aprili na hewa inakuwa nzito, ukungu mweupe au wa kijani unatokea ubavuni na chini. Kwangua, Jik, kausha karibu na jiko lakini sio juu ya moto, na chunguza chini yake, mara nyingi limekaa kwenye sakafu yenye unyevu. Linyanyue juu ya matofali matatu upepo upite. Walioko Pwani na Zanzibar wanapambana na hili mwaka mzima, kwao nta ni muhimu zaidi na chumvi ya usiku wapunguze, maana kwenye hewa yenye unyevu chumvi inavuta maji ya hewani na gogo linashinda limelowa.

Hayohayo matofali yanasaidia kuzuia mchwa pia, unawaona wanajenga njia ya udongo kabla hawajafika. Usipulizie dawa. Ukiona vitundu kama vya sindano na unga laini unadondoka, ni wadudu wa mbao wapo ndani, mwagia maji yanayochemka mara kadhaa. Wakirudi, litoe.

Naweza kukatia kachumbari hapohapo nikishaosha?

Usifanye hivyo. Ukiniuliza kati ya yote niliyoandika ni lipi ukilishika mengine nitakusamehe, ni hili. Nyama mbichi inaenda kuchemka, hata ikiwa na kidudu moto utakiua, ikifika nyuzijoto 70 mpaka ndani. Nyanya na kitunguu haviendi motoni. Damu ya kuku ndo mbaya zaidi, salmonela inakaa huko. Na nyama choma ikishaiva ukairudisha kwenye gogo lilelile ulilokatia mbichi, umeirudishia ulichokiua, halafu inakaa mezani watu wanapiga stori masaa mawili, na bila friji hakuna kinachowapunguza kasi hao vijidudu.

Kwa hiyo gogo ni la mbichi tu. Ubao wa choma ni mwingine, ubao wa mboga mwingine, na visu vyake. Mi nimechoma alama kwa msumari wa moto ubavuni, ng'ombe kwenye ule wa nyama na jani kwenye wa mboga, hata kijana mgeni kazini haulizi. Shughuli za kijijini wapishi wanakuwa 10 na ubao mmoja, kina mama mkipanga vyombo wekeni na hili kwenye orodha.

Si bora plastiki?

Plastiki mpya ni rahisi kuosha, kweli. Ikishachanwachanwa na visu ndo shida, uchafu unajificha kwenye michubuko. Miaka ya 1990 mtafiti Dean Cliver na wenzake huko Marekani walijaribu mbao na plastiki, wakakuta vijidudu kwenye mbao vinanyonywa ndani na vinakufa bila kuzaliana, na plastiki iliyochakaa ilikuwa ngumu kusafisha kwa mkono. Hiyo haimaanishi mbao inajisafisha. Na haimaanishi mbao iliyolowa ni salama, yeye hakusema hivyo na mimi sisemi.

Afisa amekuja kasema magogo hayaruhusiwi buchani

Bodi ya Nyama imekuwa ikihimiza mabucha yaache magogo na mashoka yatumie mashine ya kukatia mifupa, na hoja yao ni ya kweli, shoka linavunja mfupa vipande vidogo vinaingia kwenye nyama pamoja na vijiti vya mbao, na magogo mengi kwakweli ni machafu. Usibishane na afisa, muulize kwa heshima sehemu isiyo na umeme anaruhusu nini. Mi mifupa nakata kwa msumeno wa mkono wa mifupa, shoka nimeliweka pembeni, gogo linabaki la kukatia nyama kwa kisu na linadumu zaidi hivyo, na siku akisema liondoke nitaliondoa. Kwa matumizi ya nyumbani na shughuli hakuna anayekukataza.

Nijuaje kwamba limefikia mwisho?

Linuse asubuhi likiwa limeoshwa jana yake na limekauka. Kama linanuka bado baada ya kukwangua, kusawazisha na Jik, harufu iko ndani. Bonyeza kwa kucha, kama kucha inazama mbao imeoza. Au lipige na kitu kizito usikilize, gogo zima linalia kavu, lililooza ndani linatoa sauti ya bubu. Kabla ya kulitupa jaribu kukata sentimita 10 za juu, mara nyingi chini yake kuna mbao nzima kabisa. Gogo la baba lilikatwa hivyo mara tatu, kipande cha mwisho ni kigoda sasa, mama anakikalia akichambua mlenda.